Droni Inapozimikia Angani

Mlio wa droni si kitu kigeni tena mjini Bujumbura. Chombo hicho, ambacho wengine hukiita ndege nyuki kwa sababu ya mvumo wake, huonekana juu ya harusi, juu ya viwanja vya mpira na kando ya Ziwa Tanganyika nyakati za jioni. Kimepewa pia kazi nzito zaidi. Mto Rusizi ulipofurika mwezi Aprili 2020 na kuimeza sehemu kubwa ya Gatumba, picha zilizopigwa kutoka juu zilionyesha, kuliko maneno yoyote, jinsi mitaa mizima ilivyogeuka kuwa sehemu ya mto. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji limewahi kutumia droni nchini Burundi katika kuchora ramani za mahali palipo hatarini kukumbwa na maafa.

Watu wanapoinua macho kuitazama hufurahi. Watoto hupunga mikono, bibi harusi hurekebisha shela yake. Ni wachache wanaojiuliza ni jambo gani lingetokea endapo betri ingekoma kutoa umeme wakati ule ule.

Ndege yenye mabawa, injini yake ikizimika, huweza kuelea na kushuka kwa mteremko, na rubani akapata nafasi ya kutafuta uwanja. Droni ya pangaboi nne haina bawa la kuegemea hewa. Kinachoishikilia juu ni mzunguko wa pangaboi peke yake, na mzunguko huo ukikoma droni hushuka kama jiwe. Kutoka urefu wa mita 50 huchukua kiasi cha sekunde 3 kufika chini, na kama hewa isingeizuia ingepiga ardhi kwa kasi ikaribiayo kilomita 110 kwa saa. Kitu chenye uzito wa kilo moja, kikija kwa kasi hata ya nusu ya hiyo, chaweza kumpasua mtu kichwa. Katika nchi jirani ya Rwanda, ambako droni za kampuni ya Zipline zilianza kupeleka damu hospitalini mwaka 2016, vyombo hivyo viliundwa vikiwa na mabawa, na vikafungwa mwavuli wa kushukia wakati wa dharura. Droni ndogo za kupigia picha harusini aghalabu hazina mwavuli wala bawa.

Kwa hiyo swali la betri si la mafundi pekee. Linamhusu askari polisi anayelinda umati uwanjani, linamhusu mama aliyemketisha mwanawe chini ya turubai, na linaihusu familia iliyouza mali ili kijana wao apate chombo cha kujipatia riziki.

Katika nyumba moja ya mtaa wa Buyenzi, ule mtaa wa Waswahili na wa mafundi wa magari, kijana mmoja alirudi jioni akiwa na droni iliyovunjika miguu miwili. Ilikuwa imeangukia turubai la harusi, hatua chache kutoka mahali walipoketi wazee wa kike. Hakuna aliyeumia. Baba yake, askari mstaafu aliyewahi kufanya kazi na redio za mawasiliano, aliketi barazani akamsikiliza mpaka mwisho.

“Ilikuwa na asilimia 38, baba. Nimeiona kwa macho yangu. Halafu ikazimika ghafla.”

“Hiyo asilimia 38 nani aliihesabu?”

“Betri yenyewe, baba.”

“Betri imejihesabu yenyewe, mwanangu, nawe ukaiamini?”

Swali la mzee huyo lilikuwa la haki kabisa, na katika swali hilo ndimo ulimo ufunguo wa jambo zima. Maana asilimia inayoonekana kwenye kioo si kipimo cha moja kwa moja kama kile cha maji ndani ya chupa. Ni makisio. Ndani ya betri kuna kifaa kidogo kinachoandika umeme ulioingia na umeme uliotoka, kisha kinatoa hesabu. Kinafanana na mama wa nyumbani aliyetia unga ndani ya debe, akawa anakumbuka kila kikombe alichochota bila kufunua kifuniko. Siku za kwanza hesabu yake ni sahihi. Lakini debe likitoboka chini, au panya akiingia, kumbukumbu ya mama itaendelea kusema unga upo hadi siku atakapoingiza mkono akagusa bati. Betri inavyozeeka uwezo wake wa kubeba umeme hupungua, na kama hesabu haikurekebishwa, kioo huendelea kuhesabu vikombe ambavyo havimo.

Mzee huyo aliongeza jambo ambalo kila askari aliyebeba redio angelielewa. Betri ya redio ikipimwa huku redio imenyamaza, alisema, hudanganya. Ipimwe huku kitufe cha kusemea kimebonyezwa. Redio ikisikiliza tu, betri mbovu huonyesha volti nzuri. Mtu akitaka kusema, redio ikahitaji umeme mwingi kwa mara moja, sindano ya kipimo huanguka.

Jambo hilo hilo hutokea ndani ya droni, na linafaa lielezwe kwa tarakimu. Seli moja ya betri ya lithiamu ya kawaida ikijaa hufika volti 4.2. Katikati ya matumizi hukaa karibu na volti 3.7, na ikisukumwa chini ya volti 3 huanza kuharibika. Droni nyingi hutumia seli tatu, nne au zaidi zilizofungwa kwa mfuatano, umeme ukipita katika kila moja kama maji yapitayo katika mabomba yaliyounganishwa ncha kwa ncha. Kila seli ina ukinzani wake wa ndani, yaani kiasi inachouzuia umeme wake yenyewe usitoke. Tuseme seli tatu katika betri ya seli nne ni nzima, kila moja ikiwa na ukinzani wa miliomu 10, na ya nne imechoka, ukinzani wake umefika miliomu 40. Droni ikiwa imetulia juu ya meza, seli zote nne huonyesha volti 3.7 na mwenye droni huridhika. Akiipandisha kwa nguvu, mkondo ukafika ampea 20, seli nzima hupungukiwa na volti 0.2 na kubaki na 3.5. Ile iliyochoka hupungukiwa na volti 0.8. Imebaki na 2.9, nayo iko angani.

Hapo ndipo neno “ghafla” linapotumika, ingawa halistahili. Kifaa cha ulinzi ndani ya betri kikiona volti imeshuka mno huweza kulazimisha droni itue, au, katika baadhi ya betri, kukata umeme ili seli zisiungue. Ulinzi huo una maana kubwa kwa tochi au kwa simu. Kwa chombo kinachoning’inia hewani ni kama mlinzi wa ghala anayefunga mlango ili kuokoa magunia, huku watu wakiwa ndani.

Hata wenye fedha na mafunzo wamekutwa na masaibu haya. Mwezi Oktoba 2018 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza ilitoa ilani ya usalama kuhusu droni za DJI Matrice 200 na nyingine zilizotumia betri za aina ya TB50 na TB55. Baadhi yake zilikuwa zimepoteza umeme wote zikiwa angani na kuanguka, ilhali kioo kilionyesha kwamba betri ina muda wa kutosha. Hizo hazikuwa droni za kuchezea. Vikosi vya polisi nchini humo vilikuwa vikizitumia, na baadhi ya vikosi hivyo vilizisimamisha kazi. Mtengenezaji alitoa programu mpya ya kurekebisha kasoro hiyo. Askari anayesoma habari hii na aone kwamba waliokuwa wakizirusha hawakuwa wazembe. Walisoma kilichoandikwa kwenye kioo, na kioo kilikuwa na makosa.

Kisa cha pili ni cha Marekani, na chatoa funzo la namna nyingine. Mwezi Novemba 2016 kampuni ya GoPro iliwataka wateja wairudishe droni yake mpya iliyoitwa Karma, ipatayo 2,500 kwa idadi, kwa sababu baadhi zilikuwa zikipoteza umeme zikiruka. Wengi walidhani betri ni mbovu, au programu ina kasoro. Ilibainika kwamba betri haikuwa ikishikwa sawasawa mahali pake. Mtikisiko wa safari uliifanya isogee. Kibano kikaundwa upya na droni ikarudi sokoni mwezi Februari 2017. Kampuni kubwa iliangushwa na komeo!

Lakini kwa familia ya Bujumbura, adui mkubwa zaidi yumo nyumbani, tena amevaa sura ya busara. Mjini humo umeme hukatika, na watu wamejifunza kuujibu. Ukirudi, kila kitu hujazwa: simu, taa za mkononi, redio, na maji yakitoka pia ndoo na mapipa. Kijana wa Buyenzi alifanya vivyo hivyo kwa betri zake tatu. Kila umeme uliporudi alizichomeka zikajaa, akazipanga juu ya kabati chini ya bati, zikae tayari kwa harusi yoyote itakayotokea. Aliona fahari kwamba hazikupata kupungua.

Kwa maji jambo hilo ni jema kabisa. Betri ya lithiamu haiko hivyo. Inapokaa imejaa kwa majuma mengi, kemikali zilizomo ndani yake hushambuliana polepole. Na penye joto mashambulizi hayo huongezeka. Bujumbura iko katika uwanda wa Imbo, mahali ambapo joto la mchana hukaribia nyuzi 30 siku nyingi za mwaka, na chini ya bati huzidi hapo. Ukinzani wa ndani hukua. Gesi hutengenezwa na betri huvimba, kwanza kidogo kiasi cha kuhisiwa kwa kidole tu. Betri iliyovimba haiketi tena sawasawa katika nafasi yake, na hapo kisa cha komeo huungana na kisa cha kemikali.

Zipo betri zilizotengenezwa kwa akili ya kujipunguza zenyewe zisipotumiwa kwa siku kadhaa, ili zisikae zimejaa. Akili hiyo ni njema, lakini yataka mwenyewe aijue. Betri iliyojazwa Jumatatu ikarushwa Jumamosi bila kuguswa tena na chaja si ile ile ya Jumatatu, na visa vya droni kuishiwa nguvu dakika chache baada ya kupaa vimeonekana mara nyingi katika betri za namna hiyo. Njia iliyo salama ni kuziweka zikiwa na nusu ya chaji au zaidi kidogo, karibu volti 3.8 kwa kila seli, mahali penye ubaridi na kivuli, kisha kuzijaza usiku wa kuamkia kazi au asubuhi yake. Kwa mtu asiyejua kama umeme utakuwapo usiku huo, shauri hili ni gumu. Kijana wa Buyenzi alilipinga kwa sababu hiyo hiyo, na hakukosa hoja. Baba yake alimjibu kwamba ni afadhali kumlipa jirani mwenye jenereta siku moja ya harusi kuliko kununua betri mpya kila mwaka, achilia mbali kumlipa mtu fidia ya jeraha.

Kosa lililo kinyume cha hilo nalo lipo. Betri ikitumiwa hadi mwisho, kisha ikatupwa kabatini ikiwa tupu kwa mwezi, huendelea kupungua yenyewe hadi chini ya volti 3 kwa seli. Ikifika hapo chaja nyingi huikataa. Mafundi wa Bujumbura ni hodari, na haikosi kuwapo anayeweza kuilazimisha iamke, au kuifungua akabadili seli moja iliyokufa. Kwa tochi ya nyumbani pengine kazi hiyo yafaa. Kwa kitu kitakachopita juu ya vichwa vya watu haifai hata kidogo, kwa kuwa seli mpya iliyofungwa pamoja na seli tatu za kale huwa ni jirani asiyelingana nao: wale huchoka mapema, na ni lazima wote waende pamoja.

Mahali penyewe pia huongeza mzigo. Mtu akisimama katikati ya Bujumbura yuko kwenye kimo cha kiasi cha mita 800 juu ya usawa wa bahari. Akigeuka mashariki, vilima vya Mumirwa huanza karibu na nyumba za mwisho na kupanda hadi kwenye safu inayotenga maji ya Kongo na ya Nile, ambako Mlima Heha una zaidi ya mita 2,600. Droni inayofuata mteremko huo kwenda juu hutumia umeme mwingi kwa kupanda kwenyewe, na kadiri inavyopanda hewa huwa nyepesi, pangaboi zikalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kushika uzito ule ule. Asubuhi huko juu kuna baridi, na seli iliyopoa hutoa umeme wake kwa shida. Betri iliyotosha kwa dakika 20 kando ya ziwa isitarajiwe kutosha kwa dakika 20 huko.

Ziwa nalo lina desturi zake. Mchana upepo huvuma kutoka majini kuja nchi kavu, na usiku hadi alfajiri huvuma kutoka nchi kavu kwenda majini. Mpiga picha anayeamka mapema ili apate mitumbwi ya wavuvi ikirudi huona droni yake ikienda kwa wepesi wa ajabu. Upepo unaisukuma. Wakati wa kurudi ni lazima iupinge upepo huo huo, na kile kipengele cha kurudi nyumbani chenyewe hutegemea ile hesabu ya asilimia ambayo tayari imeonekana kuwa si ya kuaminiwa mno. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 mahali penye kina kikubwa kuliko pote. Kinachozama mbali na ufuo hakitafutwi.

Baada ya ajali ile, mzee na mwanawe walianza utaratibu ambao jirani aliyeuona angedhani ni wa kambini. Kila betri iliandikwa namba kwa rangi, na daftari la shule likafunguliwa kwa ajili ya tarehe za kujazwa na za kurushwa. Kabla ya kuruka, betri hukandamizwa hadi kibano kilie pande zote mbili, kisha huvutwa kidogo ili kuona kama itatoka. Droni huinuliwa mita mbili tu na kushikiliwa hapo kwa dakika nzima, kijana akisoma volti ya kila seli, maana droni nyingi huonyesha tarakimu hizo kwa mtu anayejua mahali pa kuzitafuta. Seli moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya volti 0.1 huku pangaboi zikizunguka, safari hukoma hapo hapo. Ni ile ile desturi ya kupima redio ukiwa umebonyeza kitufe. Kutua hufanywa asilimia 30 ikiwa bado ipo. Na juu ya watu waliokaa haipiti tena, hata mwenye harusi akisihi. Picha hupigwa kwa kuzungukia pembeni.

Jambo lililomtia wasiwasi mama wa nyumba hiyo lilikuwa jingine, na ni haki yake. Betri hizo zilikuwa zikichajiwa usiku kucha pembeni mwa godoro la watoto. Seli ya lithiamu iliyovimba, iliyobonyea kwa kuanguka au iliyotobolewa huweza kuwaka ikiwa kwenye chaja au baada ya hapo, na moto wake hutoa moshi wenye sumu kabla ya miali kuonekana. Sasa huchajiwa mchana, barazani, juu ya sakafu ya saruji, mtu mzima akiwa karibu, na baada ya kupoa kwanza kama imetoka kuruka. Betri ikianza kutoa moshi, watoto hutolewa nje kwanza, mengine baadaye. Iliyovimba haitobolewi ili kutoa hewa, kama wengine wanavyofanya kwa kuiga mpira wa miguu. Huwekwa nje, mbali na nyumba, ndani ya chungu chenye mchanga mkavu ambacho hakikufunikwa kwa kubanwa, mpaka ipatikane njia ya kuikabidhi kwa wanaokusanya taka za namna hiyo.

Betri namba 2, ile iliyoangusha droni harusini, ilipimwa tena baada ya siku chache. Mezani seli zake zote nne zilionyesha volti 3.8, zimelingana kama ndugu. Droni, miguu yake ikiwa imefungwa kwa waya, iliinuliwa mita mbili juu ya uwanja mtupu, na kabla ya nusu dakika seli ya tatu ikashuka chini ya volti 3.1 peke yake. Kijana akatua. Baba yake akaandika tarakimu hizo katika daftari, akachora mstari chini yake, akaomba aletewe chungu.